Upande wa Pili wa Barua ya Chokoleti

Tarehe 3 Februari

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Familia, Baba yetu, fundi saa mstaafu, ambaye sauti yake ndiyo inayofungua na kufunga kila jambo katika nyumba ile. Kwa Shangazi, dada yake mkubwa na msomaji wa barua zote. Kwa Mama, ambaye hana cheo katika kikao lakini bila yeye hakuna chai, na bila chai akidi haitimii. Kwa mdogo wangu Katibu na mkewe, shemeji yangu. Na kwa yeyote mwingine aliyepata kiti: nawasalimu kwa heshima.

Nimepokea swali lenu. Mnauliza kama ni kweli, jinsi Mwenyekiti alivyosikia redioni, kwamba chokoleti ni dawa ya moyo. Kazi ya ushauri wa lishe hospitalini nimeifanya miaka kumi na minane, na nakiri kwamba hii ni mara ya kwanza familia yangu kuniuliza jambo la chakula badala ya kunifundisha. Kwa hiyo naomba nijibu kwa ukamilifu.

Ni kweli, kwa kiasi chake. Ndani ya kakao mna viini vya asili ambavyo, kwa mujibu wa tafiti kadhaa, huisaidia mishipa ya damu kulegea ili damu ipite kwa wepesi. Baadhi ya watu waliochunguzwa walionekana kupungukiwa kidogo na shinikizo la damu. Kakao ina madini ya chuma pia. Na iko faida moja ambayo hakuna mashine ya kuipima: kipande kidogo humchangamsha mtu aliyechoka. Siwezi kuidharau, maana hata mimi nina kipande kwenye droo ya ofisini. Basi, waheshimiwa, anayesema chokoleti ni sumu anapotosha.

(Tafadhali geuza karatasi.)

Hata hivyo, niliyoyasema yanaihusu kakao, hayaihusu sukari. Chokoleti nyingi za dukani, hasa ya maziwa na ile nyeupe, ni sukari na mafuta vilivyoazima jina zuri. Anayetafuta faida ale ile nyeusi, iliyo chungu, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na asidhani kwamba kinachukua nafasi ya dawa au ya kutembea kwa miguu.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Akila chokoleti tamu mfululizo, au asubuhi kabla ya kipimo, sukari itapanda, na daktari atalazimika kuahirisha lolote alilopanga. Nayasema haya nikimfikiria Mwenyekiti kwa mapenzi, kwa kuwa tarehe 20 Machi anapimwa sukari ili aondolewe mtoto wa jicho. Kwake jibu langu ni fupi. Asiiguse hadi upasuaji upite.

Binti yenu mkubwa.


Tarehe 17 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako imesomwa na imepokelewa kwa makofi. Shangazi aliisoma kwa ile sauti yake ya kusimamisha wapita njia, hadi fundi viatu wa jirani akaja kusimama dirishani na kiatu cha mtu mkononi.

Nakunukulia uamuzi kutoka kwenye daftari la kumbukumbu, nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Kikao kimeridhika kwamba chokoleti ni afya. Kuanzia leo kila atakayehudhuria aje na pakiti moja. Mgawo utolewe kwa wote baada ya chakula. Mwenyekiti apewe migao miwili kwa kuzingatia umri." Mke wangu aliuliza habari za kisukari cha Baba. Akaambiwa aketi, jambo limekwisha kujibiwa na mtaalamu.

Baba anapendelea ile nyeupe, anasema haiachi alama kwenye shati. Mama anasema tangu uandike, nyumba ina furaha. Tunajivunia kuwa na mtu msomi.

Mdogo wako, Katibu.


Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unatania. Mara ya pili nilitafuta mahali ambapo ungesema unatania. Mara ya tatu nilikwenda kunywa maji.

Niliandika pande mbili za karatasi. Katikati nikaandika, kwa maneno ya kiungwana na ndani ya mabano, kwamba karatasi igeuzwe. Katika nyumba yenye watu wazima watano, ambao wote nimewahi kuwaona wakigeuza shati, godoro na chapati, hakuna hata mmoja aliyeweza kugeuza karatasi?

Mgonjwa wa kisukari, aliyebakiza wiki chache apimwe ili afanyiwe upasuaji wa jicho, mnampa migao miwili ya sukari tupu na kuandika kwenye daftari kwamba mimi ndiye niliyeruhusu. Hapa kazini nina wagonjwa wasionijua, wasionidai lolote, na wananisikiliza. Naomba unieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye homa: upande wa pili ulikwenda wapi?

Dada yako.


Tarehe 6 Machi

Dada,

Usinikasirikie mimi. Umekaa mbali muda mrefu na umeusahau utaratibu. Barua husomwa mpaka Mwenyekiti atakaporidhika. Akiridhika anagonga meza kwa kifundo cha kidole na kusema "Imesikika", na hapo msomaji anakunja karatasi. Kanuni hii aliiweka mwaka ule ulipotuandikia kurasa kumi na moja kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Wewe ndiye chanzo chake.

Basi Shangazi alipofika pale penye droo yako ya ofisini, Baba akacheka, akagonga meza. Imesikika. Makofi. Upande wa pili upo salama kabisa kwenye faili, nimeutoboa matundu mawili vizuri. Haukusomwa kwa sababu haukufikiwa.

Ila nimeona uzito wa jambo. Kikao cha Jumapili kitausoma kama ajenda maalumu, na nimemwomba Baba kwa unyenyekevu aweke mikono yake mapajani wakati wa kusoma.

Mdogo wako, Katibu.


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Naandika nikiwa nimechoka. Ulinilaumu, nikarekebisha. Upande wa pili ulisomwa wote, neno kwa neno, na Mwenyekiti hakugonga kitu. Uamuzi wa migao ulifutwa kwa kauli moja. Pakiti zote zilitolewa nje ya nyumba, na fundi viatu alizipokea kwa mikono miwili. Mama amekuwa akimpimia Baba chakula kwa kikombe kama ulivyoelekeza kwa simu. Dawa zake anameza mbele yangu na kufungua mdomo nione.

Pamoja na hayo yote, tarehe 20 Machi sukari ilikuwa juu, upasuaji ukaahirishwa. Ijumaa iliyopita, tarehe 24, tulimpeleka tena. Sukari ilikuwa juu kuliko mwezi Machi. Muuguzi alimtazama Mama kwa jicho ambalo Mama hajalisahau hadi leo.

Jana saa ya ukutani, ile ndefu ya karakana yake, ilisimama. Nikaifungua. Chini ya timazi, kile chuma kinachoning'inia na kucheza, nilikuta karatasi za chokoleti, zile za kung'aa, zimekunjwa vizuri moja juu ya nyingine. Ishirini na sita. Zilikuwa zimelundikana hadi zikaizuia timazi isicheze. Nilipomuuliza alisema panya wa siku hizi wana tabia za ajabu.

Hali ya jicho unaijua. La kushoto limeshafunga. La kulia anaona mwanga na vivuli vya watu tu. Daktari anasema mtoto wa jicho akiendelea kukomaa kazi itakuwa ngumu zaidi. Ametupa nafasi ya mwisho kwa mwaka huu, tarehe 13 Juni. Mimi sina tena la kuandika kwenye daftari.

Katibu.


Tarehe 4 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii usomewe hata ukigonga meza hadi ivunjike.

Miaka miwili hujashika saa. Kila nikipiga simu unaniambia ukipata jicho utaanza na saa ya mkono ya Mama, iliyosimama siku ile ile ulipoacha kazi. Nimeulizia daktari, nimefuatilia nafasi, nimeandika mlo wa kila siku kwa herufi kubwa za kubandikwa ukutani. Nimejieleza kuhusu kakao na sukari katika barua, katika simu, na kupitia kwa shemeji. Sasa naambiwa umekula pakiti ishirini na sita na kuwasingizia panya.

Kama ni uroho, Baba, niambie ni uroho, niutafutie tiba. Kama ni ubishi, niambie pia. Lakini usiendelee kula macho yako kidogo kidogo huku ukisema ni mimi niliyekwambia chokoleti ni afya. Wagonjwa wangu wakishindwa huona haya. Wewe unashindwa kwa utulivu, kama mtu aliyepanga.

Binti yako.


Tarehe 12 Mei

Kutoka kwa Mwenyekiti, kwa mkono wa Katibu.

Marahaba. Barua yako imesomwa. Imesikika.

Mwenyekiti anaelekeza yafuatayo yaandikwe kama yalivyo. Sukari iliyomo ndani ya damu yake ni mali yake. Jicho ni lake vilevile. Katika umri huu mtu huweza kula kitamu bila kuomba kibali cha ofisi iliyo mbali. Kuhusu panya, anashikilia kauli yake.

Aidha anapenda ujue kwamba barua ya mwezi Februari ilikuwa nzuri sana, pande zote mbili.

(Dada, hapo juu nimeandika kama alivyotamka. Nilipomwambia maneno hayo ya mwisho yanaweza kukuudhi, alisema niyaache. Katibu.)


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Hii ni ya kwako peke yako. Isirudi kikaoni, wala usimtajie mdogo wako, ambaye hawezi kusikia kitu bila kukiandika.

Mnagombana kuhusu upande wa pili wa karatasi, nani aliusoma na nani hakuusoma. Mimi nimenyamaza na moyo unaniwasha. Asubuhi baada ya kile kikao cha kwanza, kabla Katibu hajaweka barua kwenye faili, baba yako aliniita karakanani. Akaniambia, "Dada, binti yangu hawezi kuandika sifa bila kuandika karipio. Nisomee nyuma." Nikamsomea. Alitaka nirudie pale ulipoandika kwamba chokoleti tamu kabla ya kipimo itamfanya daktari aahirishe. Nikarudia. Akashukuru, akaomba nimnunulie pakiti. Nikadhani ni utani, nikanunua. Mwenyezi anisamehe, zilizofuata nimenunua pia, kwa sababu aliniomba kama mtoto na mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Asubuhi ya tarehe 24 Aprili nilimkuta amesimama mbele ya meza yake ya kazi, amevaa tayari kwenda hospitali, anatafuna. Mwanangu, hakuwa anafurahia. Alikuwa anaimeza kama mtu anayemeza kwinini, na machozi yanamtoka. Nikamuuliza kaka yangu unafanya nini. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

"Nimefungua saa za watu miaka arobaini. Nilizoziharibu nazijua mimi peke yangu. Mkono unateleza, Dada, na mwenye saa haambiwi. Hili jicho bado linanionyesha dirisha liko wapi. Wakiteleza, sitaliona hata dirisha."

Nikamwambia awaeleze watoto. Akasema Mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya kikao na kusema anaogopa, bora aonekane mroho.

Sasa unajua. Umemwita mroho na mbishi, na yeye amekubali yote mawili. Wewe ni msomi, tafuta maneno. Mimi nina sauti tu.

Shangazi yako.


Tarehe 25 Mei

Kwa Mwenyekiti, Baba yetu, fundi ambaye saa zake bado zinatembea kwenye mikono ya watu wasiomjua. Kwa Shangazi, ambaye leo namwomba asome polepole. Kwa Mama, aliyevumilia jicho la muuguzi kwa kosa lisilo lake. Kwa Katibu, ambaye nimemkaripia zaidi ya haki yake. Kwa shemeji, aliyeuliza swali sahihi akaambiwa aketi. Na kwa fundi viatu, kama yuko dirishani, ambaye naamini afya yake imeimarika sana mwaka huu: nawasalimu nyote.

Nimeandika mengi kuhusu chokoleti, na kikao kimeisikia mada hii hadi imechakaa. Leo sina neno la kuongeza juu yake. Nani alikula nini, na nani alinunua, sitaki kujua tena, na naomba habari ya zile karatasi ndani ya saa ifutwe kwenye kumbukumbu. Wiki mbili hizi nimekuwa na swali jingine, nalo nasikitika kwamba sikujiuliza tangu mwanzo. Miezi minne nimekuwa nikimwandikia mgonjwa wa kisukari. Nilisahau kwamba ninamwandikia fundi saa.

Nikajiuliza: kama ningekuwa mimi, nimeishi miaka arobaini na koleo dogo mkononi, nikijua jinsi kitu kidogo kinavyoharibika kwa pumzi moja, ningehofia nini kumwachia mtu mwingine jicho langu? Jibu lilikuja haraka kiasi cha kunitia aibu. Hakuna aliyeniambia. Nililipata nikiwa nimekaa.

Nikafunga safari hadi kwa daktari wa macho. Sikumuuliza kuhusu sukari. Nilimuuliza jambo ambalo fundi angemuuliza fundi mwenzake: mkono wako umewahi kuteleza? Aliweka kalamu mezani, nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akasema, "Umewahi." Akanieleza ilikuwa lini, na kwamba jioni ile ile alikaa kando ya kitanda cha mgonjwa akamwambia kwa kinywa chake. Akanieleza kwamba tangu siku hiyo kuna idadi ya macho ambayo haizidishi kwa siku, hata apigiwe simu na nani. Kwamba anafanya kazi chini ya kioo cha kukuza, ameegemeza viganja vyote viwili. Angeniambia kwamba hajawahi kuteleza, ningeondoka na kuwaandikia kwamba tutafute mwingine. Nimemwamini kwa sababu hakuniambia hivyo.

Sikumwomba ahadi kwamba hakuna hatari. Ipo, ni ndogo, naye hakuificha. Nilimwomba kitu kimoja, akakubali, na juu ya hicho nimesimamisha uamuzi ninaouleta mbele yenu. Naomba Katibu auandike kama ulivyo.

Mimi nitafika tarehe 10 Juni. Tarehe 12, siku moja kabla ya upasuaji, Mwenyekiti atakwenda kwa daktari, si kama mgonjwa. Atakaa kwenye kiti kilekile anachokalia daktari. Vyombo vyote vitawekwa mbele yake, naye atavishika kimoja kimoja, apime ncha kwa kidole chake, apime uzito, aulize anavyouliza fundi. Sisi wengine tutakaa nje na hatutasikiliza mlangoni, na hapo namtazama Shangazi. Akitoka na kugonga meza yoyote iliyo karibu na kusema "Imesikika", atapimwa sukari kesho yake na mambo yataendelea. Akitoka kimya, tutarudi nyumbani sote, na hakuna mtu wa nyumba ile atakayemtajia upasuaji tena, wala mimi. Kuanzia leo hadi siku hiyo hahitaji kula kitu chochote ili apate nafasi ya kusema hapana. Nafasi hiyo nimempa mimi, mbele yenu, na kikao kiilinde.

Jambo la mwisho. Karatasi hii ina upande wa pili. Shangazi, tafadhali usiigeuze. Nimeuandika kwa herufi ndogo sana, ndogo kama zile zinazochongwa ndani ya kifuniko cha saa, na haumhusu mtu mwingine. Namwagiza Katibu, bila kutoboa matundu, aihifadhi barua hii ndani ya saa ya ukutani, pale chini ya timazi, mahali ambapo sasa pana nafasi. Mwenyekiti akiwa na jicho, ataitoa na kuisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele yenu nyote. Asipokuwa nalo, itabaki palepale, nami sitamwambia mtu nilichoandika.

Kikao hiki kisifungwe hadi hapo. Na siku ya kuusoma upande huo, atakayegonga meza si Mwenyekiti. Ni Shangazi, naye atagonga barua ikiisha, si kabla.

Binti yenu mkubwa.